Kimbunga Kilipita Siku Moja, Lakini Wasee wa Ibo na Mecufi Bado Wanalipa: Stori Iliyotupita Tukiwa Busy na Mitandao

Wacha nikuulize kitu, na usigugo kwanza. Tarehe 10 Machi 2025 ulikuwa unafuatilia nini?

Kama unaishi kwa simu kama mimi, pengine uliona Marco Rubio, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Hapa kwetu hiyo habari iliwasha moto, na ilistahili. Kuna watu maisha yao yanategemea dawa za hizo pesa, na kuna mabeshte zangu wawili walirudi mtaani na barua za kuachishwa kazi.

Sasa cheki. Siku hiyo hiyo, kimbunga kinaitwa Jude kiliingia nchi kavu huko Msumbiji, wilaya ya Mossuril, mkoa wa Nampula. Hiyo nayo uliiona? Mimi sikuiona, na kazi yangu ni kuona habari. Niliipata siku kadhaa baadaye nikitafuta kitu kingine kabisa.

Na Jude hakikuwa cha kwanza. Tarehe 15 Desemba 2024 kimbunga Chido kilitua Mecufi, mkoa wa Cabo Delgado. Tarehe 13 Januari 2025 Dikeledi kikaingia Nampula. Halafu Machi ndio huyo Jude. Yaani kaskazini mwa Msumbiji kulipigwa mara tatu ndani ya miezi mitatu, kabla mtu hajamaliza kugongelea mabati ya ile mara ya kwanza.

Niseme mapema, mimi sio mtaalamu wa hali ya hewa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponilemea, so usitarajie hapa michoro ya upepo. Lakini kusoma najua, na hii kitu nimeisoma wiki mbili mpaka nikaanza kujiona mjinga kwa vile nilikuwa siijui. Kaa chini nikupe.

Kwanza rada ya mahali. Cabo Delgado ndio mkoa wa mwisho kaskazini mwa Msumbiji, ukivuka mto Ruvuma uko Tanzania. Mji wake mkuu unaitwa Pemba. Sio ile Pemba ya karafuu unayoijua, hii ni nyingine, na imechanganya watu wengi kuliko huyu anayekuandikia. Kwenye ile pwani kuna Wamwani, wanaongea Kimwani, lugha yenye Kiswahili kingi ndani. Ukisimama sokoni na masikio yako ya Mombasa, maneno mengi utayadaka. Wengi ni Waislamu, wanaishi kwa samaki, mnazi na muhogo. Mkoa uko mbali na Maputo kiasi kwamba Dar es Salaam iko karibu zaidi. Shika hiyo ya umbali, tutairudia.

Sasa turudi 2019. Machi mwaka huo kimbunga Idai kilibomoa Beira, katikati ya Msumbiji, na kikaua watu zaidi ya 1,000 ukijumlisha Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Hicho ulisikia. Dunia nzima ilisikia. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili, Kenneth kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Pemba, baada ya kuchapa Komoro njiani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuweka rekodi kwa vimbunga viwili vikali hivyo kupiga Msumbiji msimu mmoja. Upepo wa Kenneth ulikuwa unapita kilomita 200 kwa saa. Hiyo ni mara mbili ya matatu ya Rongai ikiwa imechizi.

Kwenye visiwa vya Quirimbas, kuna kimoja kinaitwa Ibo. Ni mji mkongwe, una ngome ya Wareno na nyumba za mawe zinazokukumbusha Lamu, na kabla ya Pemba hapo ndipo palikuwa makao makuu ya mkoa. Watu kama 6,000. Ripoti za siku zile zilisema karibu asilimia 90 ya nyumba za Ibo ziliharibika. Piga picha mtaa wako, hesabu keja kumi, bakisha moja.

Kufika Ibo kwenyewe ni kazi hata siku ya jua. Unatoka Pemba kwa barabara inayogeuka uji mvua ikinyesha, unafika ufuoni Quissanga, halafu unangoja maji yajae ndio mashua ipite katikati ya mikoko. Maji yakitoka, hakuna safari. Kuna kiwanja kidogo cha ndege pia. Sasa baada ya Kenneth mvua haikuacha. Pemba ilifurika, helikopta za misaada zikashindwa kuruka, na mapema Mei kipindupindu kikatangazwa. Kwa hivyo kuna watu waliponea upepo kisha wakakaa siku kadhaa bila paa wakingoja unga unaosubiri mawingu yafunguke.

Idadi ya waliokufa Msumbiji kwa Kenneth ilikuwa zaidi ya 40. Na hapa ndipo kuna shida yangu ya kwanza na sisi watu wa habari. Arubaini, ukiweka kando ya ile elfu ya Idai, mhariri anaona ni ndogo. Stori inashuka ukurasa wa chini, siku ya tatu haipo.

Lakini ule uharibifu wa kweli wa mahali kama Ibo haukai kwenye hesabu ya maiti. Kaa kwenye mashua kidogo. Mvuvi wa huko akipoteza dau lake hapotezi tu chombo. Dau linachukua miezi kuundwa, linataka mbao ngumu, fundi na pesa taslimu, na pesa taslimu ilikuwa inatoka kwa samaki waliokuwa wanaletwa na hilo hilo dau. Hakuna bima. Hakuna benki itakayokukopesha ukiwa na dhamana ya mtumbwi uliovunjika. So anaenda kuvua kwa mashua ya mwingine, anapewa fungu la kibarua. Mwanamke aliyekuwa ananunua samaki wake akawakausha na kuwauza bara, biashara yake imekufa pia, na jina lake haliko kwa orodha yoyote ya walioathirika kwa sababu nyumba yake labda ilisimama. Wale wanaotoka maji yakikupwa kuokota pweza na chaza wanabaki ndio tegemeo la familia, na wote wanakimbilia mwamba mmoja. Mwamba wenyewe umekwanguliwa na mawimbi.

Halafu kuna minazi. Mnazi mrefu wa kienyeji ukianguka, ukipanda mwingine leo utangoja miaka kama sita au saba ndio uone nazi. Fikiria mtoto aliyezaliwa usiku wa Kenneth. Anaanza shule ndio mnazi uliopandwa wiki hiyo unaanza kuzaa, kama haukuangushwa tena na Chido. Na nazi sio kinywaji cha watalii huko. Ni mafuta ya kupika, ni makuti ya paa, ni kamba, ni akiba ya kuuza mtoto akiugua.

Ongeza kwamba Aprili ndio mavuno yako karibu. Mahindi yalikuwa yamesimama shambani. Chido nacho kikaja Desemba, msimu wa kupanda. Ni kama hivi vitu vina kalenda ya mkulima.

Sasa subiri, hatujafika pabaya.

Tarehe 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha walivamia Mocímboa da Praia, mji wa pwani huko huko Cabo Delgado. Hivyo ndivyo vita vilianza. Watu wakaviita Al-Shabaab, ingawa sio wale tunaowajua sisi wa Somalia. Kenneth ilipokuja 2019, vita vilikuwa tayari mwaka wa pili. Machi 2020 Quissanga ikavamiwa, hapo hapo unapopandia mashua ya Ibo. Agosti 2020 Mocímboa ikatekwa. Oktoba 2020 maelfu ya watu wakatua kwa mashua kwenye ufuo wa Paquitequete, Pemba, wakikimbia vijiji vyao. Machi 2021 ikawa Palma, na kampuni ya Total ikasimamisha ule mradi wake mkubwa wa gesi. Julai wanajeshi wa Rwanda wakaingia. Kwa kilele chake, vita hivyo vilihamisha watu karibu milioni moja.

Kwa hivyo unapoambiwa Chido kilibomoa Mecufi, uelewe kilikuta nani. Kusini mwa mkoa ndiko wakimbizi wa ndani walikuwa wamejibanza. Kuna mtu alipoteza nyumba kwa Kenneth, akaijenga, ikachomwa na wavamizi, akahamia kambini kwenye kibanda cha fito na turubai, halafu Chido ikabeba turubai. Huyo ukimuuliza ameathiriwa na nini, atakujibu aje? Mashirika yana fomu ya vita na fomu ya kimbunga. Yeye ana maisha mamoja.

Chido iliua zaidi ya watu 100 Msumbiji. Na ilikuja wakati nchi yenyewe inawaka, maandamano ya uchaguzi wa Oktoba 2024 yamefunga barabara, polisi wanapiga watu risasi Maputo. Hakukuwa na nafasi kwa taarifa ya habari ya saa moja.

Unajua nafasi ilienda wapi? Mayotte. Siku moja kabla ya Mecufi, Chido hiyo hiyo ilipita Mayotte, kisiwa cha karibu na Komoro ambacho ni sehemu ya Ufaransa. Macron akafika siku chache baadaye, watu wakamzomea, tukaona video. Ufaransa ikatangaza siku ya maombolezo. Siwaonei gere watu wa Mayotte, waliumia vibaya sana. Mji mzima wa vibanda vya mabati ulilazwa chini, na wengi waliokuwa ndani ni watu kutoka Komoro wasio na makaratasi, walioogopa kwenda kwa vituo vya kujikinga wakidhani ni mtego wa kuwarudisha kwao. Mkuu wa serikali pale alisema waliokufa wanaweza kufika mamia au hata maelfu. Hesabu rasmi ikaishia karibu 40. Maiti za Waislamu huzikwa haraka, na mtu asiye na kitambulisho haachi pengo kwenye rejista.

Lakini ona tofauti. Upepo ni mmoja, umetenganishwa na siku moja na mlango wa bahari. Mahali pamoja kuna rais amefika kwa ndege na kamera. Pengine kuna mwalimu anafunza chini ya mwembe, kama mwembe upo.

Najua kuna mmoja wenu hapo anasema, buda, kwani serikali yao iko wapi? Swali poa. Wacha nikupe jibu, na shika moyo.

Kati ya 2013 na 2014, kampuni tatu za serikali ya Msumbiji zilikopa zaidi ya dola bilioni 2, mikopo mingine ikifichwa bunge lisijue. Sababu waliyotoa? Kuvua samaki aina ya jodari na kulinda pwani. Unasoma vizuri. Meli za kuvua zikanunuliwa, nyingi zikabaki zimeegeshwa bandarini Maputo zikiota kutu. Siri ilipofichuka 2016, IMF na wafadhili wakafunga mfereji, sarafu ikaanguka, huduma zikakatwa. Waziri wa fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alikutwa na hatia huko New York Agosti 2024, na Januari 2025 akahukumiwa miaka minane na nusu. Hukumu ilisomwa siku chache tu baada ya Dikeledi kupita Nampula.

Hivyo deni lililochukuliwa kwa jina la bahari na samaki ndilo lililoacha serikali bila kitu siku bahari ilipowajia wavuvi. Manze, hata mwandishi wa vitimbi hangethubutu kuandika hivyo.

Na baada ya Idai, IMF ikarudi. Tarehe 19 Aprili 2019 ikaidhinisha dola milioni 118 kwa Msumbiji. Watu walipiga makofi. Ni mkopo. Hauna riba, sawa, lakini ni wa kurudishwa. Siku sita baadaye Kenneth ikafika. Yaani nchi inabomolewa, inakopa kujenga, inabomolewa tena ikiwa bado inadaiwa matofali ya kwanza. Kuna ule mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh 2022 na kuzinduliwa Dubai 2023, ukaahidiwa kama dola milioni 700 kwa nchi zote maskini za dunia. Linganisha mwenyewe na ile bilioni 2 ya jodari, uone hizo ahadi ni kubwa au ni za kupigia picha.

Sasa sisi. Ju najua unajiambia, hiyo ni Msumbiji, Kenya hakuna vimbunga.

Kwa sehemu kubwa ni kweli. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ili kijizungushe, na karibu na ikweta hiyo nguvu ni kidogo mno. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini, Lamu ni 2. Tumebarikiwa na ramani. Lakini majirani zetu hawajabarikiwa hivyo. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu na minazi ya Unguja, kikazamisha meli za Sultani Barghash, na kwa sababu kisiwa cha Pemba kiliponea, ndipo Pemba ikawa nyumbani kwa karafuu hadi leo. Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi. Na Mei 2024 akaja Hidaya.

Hidaya unamkumbuka. Nchi ilikuwa tayari imefurika, watu zaidi ya 200 wamekufa kwa mafuriko, Mai Mahiu ilikuwa imetokea siku chache tu nyuma. Tarehe 3 Mei Rais Ruto akahutubia taifa, akasogeza kufunguliwa kwa shule, akasema Kenya huenda ikapata kimbunga chake cha kwanza. Kesho yake Hidaya akafika kisiwa cha Mafia, akaishiwa nguvu. Kusini mwa Tanzania mvua ilikata barabara ya Dar kwenda Lindi pale Somanga, mabasi na malori yakalala njiani. Sisi tukapata upepo na mawimbi.

Na tukapata vichekesho. Hapa lazima nikiri. Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliotwiti kwamba Hidaya ametuacha kwa mataa. Nilipata laiki nyingi kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Wiki hiyo hiyo mjomba wangu, anayevua upande wa Msambweni, alikuwa amevuta mashua yake mpaka juu kwenye minazi na kuifunga. Hakutoka baharini siku nne. Nilimpigia simu nikimcheka.

"Mjomba, si hata hakikufika!"

"Serikali imesema tusitoke, hatukutoka," akaniambia. "Ila haikusema tutakula nini."

Alikopa kwa mwenye duka. Alilipa hilo deni mpaka Juni. Hiyo ni kwa kimbunga ambacho hakikuja, na yeye ndiye aliyetii. Nimefikiria hiyo sentensi yake sana nikisoma kuhusu Ibo, kwa sababu onyo linapofika kule kwa redio, mvuvi anapiga hesabu hiyo hiyo. Akikaa nyumbani na upepo usije, amepoteza. Msimu ujao akiambiwa tena, sijui kama atakaa. Ukitaka watu watii onyo, weka unga kando ya onyo. Serikali zetu zinaweza kutuma pesa kwa simu siku ya kampeni, hiyo mbinu tunayo. Mikoko nayo ipo, wenyeji wa Gazi kule Kwale wanailinda na wanauza hewa ya ukaa kupitia Mikoko Pamoja, na mawimbi yakija mikoko ndio ukuta wa kwanza kabla ya ukuta wa mtu. Bado kuna watu wanaikata usiku kwa sababu boriti ina soko.

Juzi nilimpigia mjomba tena, nikamsomea haya yote. Nikamwambia habari ya Kenneth, zile nyumba tisa kwa kumi, kipindupindu, vita, halafu vimbunga vitatu ndani ya miezi mitatu. Nilidhani ataniuliza wamekufa wangapi, kama vile kila mtu huniuliza.

Alikaa kimya kidogo. Halafu akauliza, "Mashua zao walikuwa wamezifunga wapi?"